Vituo vya michezo na mazoezi vya umma: nani ataviendesha baada ya utepe kukatwa?

Mtunza Vituo (Kampala)

Ndugu zangu, kila tunapozungumza juu ya michezo nchini Uganda, mazungumzo huishia kwenye viwanja vikubwa. Tumejadili Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997 na kukarabatiwa kabla ya mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN yaliyochezwa Agosti 2025. Tunaendelea kujadili viwanja vya Hoima na Lira kwa sababu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litachezwa hapa kwetu, Kenya na Tanzania. Sina ugomvi na viwanja hivyo. Ninachoomba tukijadili hapa ni kile kinachomgusa mkazi wa kawaida kila juma: ukumbi wa kijamii wa manispaa, jimu ya umma, kiwanja cha netiboli cha mtaa na, palipo na uwezo, bwawa la kuogelea ambalo mtoto wa muuza nyanya anaweza kuingia bila kuulizwa baba yake ni nani.

Wajibu wa umma katika jambo hili umeshaandikwa. Katiba ya 1995, katika lengo la 17 la malengo ya taifa, inasema kwamba dola itakuza burudani na michezo kwa raia wa Uganda. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 imeyapa mabaraza ya miji kazi ya kuanzisha na kutunza bustani na viwanja vya burudani. Mwaka 2023 tulipata sheria mpya ya taifa ya michezo, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964. Kwa hiyo sioni haja ya kubishana kama hii ni kazi ya serikali au siyo. Ninachokitafuta ni namna ya kuifanya.

Kwa muda mrefu nilifanya kazi katika idara ya maendeleo ya jamii ya manispaa moja ambayo sitaitaja. Ukumbi wetu ulikuwa mzuri, paa zima, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri. Ndani yake palikuwa na mashine ya kukimbilia ambayo karatasi ya nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imefunika kioo chake, lakini mkanda wake ulikuwa umekatika, na kwa kuwa hapakuwa na fungu la matengenezo, mkanda mwingine haukununuliwa. Choo cha wanawake kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa mezani kwa ofisa ambaye ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa mji. Alipokuwa safarini, wanawake hawakuwa na choo. Mlinzi wa usiku, ambaye alijua kila ufa wa jengo lile, hakuwa na ruhusa ya kutumia hata shilingi 5,000 kununua balbu.

Maoni yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu, ni kwamba kituo cha umma hufa pale anayeshika funguo hana mamlaka juu ya shilingi hata moja, na anayeshika fedha hajawahi kukanyaga kituoni. Majengo tunaweza kuyapata kwa wafadhili, kwa mikopo, hata kwa wabunge wakati wa uchaguzi. Uendeshaji hakuna anayetuletea. Naomba wenye ujuzi wa fedha, sheria, ufundi na ukufunzi waeleze jinsi watu hawa wawili wanavyoweza kukutanishwa.

Kijana wa Naguru (Kampala)

Mzee wangu, nimekusoma kwa makini, na nitakupinga kwa heshima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health ulilinganisha nchi nyingi duniani, na Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha kimwili vya kutosha: 5.5% tu, wakati Kuwait ilikuwa na 67%. Watu wetu wanatembea, wanalima, wanabeba maji na mizigo. Zahanati zetu hukosa dawa, na barabara za mitaani hugeuka mito mvua zinaponyesha. Kwa nini manispaa yenye fedha kidogo ilipe mishahara ya wakufunzi wa mazoezi katika nchi inayoongoza dunia kwa kutembea? Mwenye hamu ya jimu anaweza kulipia jimu ya mtu binafsi, na siku hizi zimejaa kila kona ya Kampala.

Mtunza Vituo (Kampala)

Kijana wangu, takwimu hiyo ni ya kweli na inafaa kusomwa vizuri. Inajumuisha kila aina ya kujishughulisha: kazi, usafiri wa miguu na burudani. Kwetu sehemu kubwa inatokana na kazi na safari, si burudani. Mkulima wa Kamuli akihamia Kampala akaanza kuendesha boda boda, anakaa juu ya kiti kuanzia alfajiri hadi usiku. Binti yake akipata kazi ya kuuza simu dukani, yeye pia anakaa kitini. Ile 5.5% inatuonyesha tulipotoka, na imekusanywa kutoka tafiti zilizofanywa kati ya 2001 na 2016. Miji yetu imekua sana tangu wakati huo.

Tazama na upande wa pili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na wengi wao walikuwa hawajijui. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na mtoto dakika 60 kwa siku. Mtoto wa mtaa wa Kisenyi azipate wapi dakika 60, wakati kiwanja alichokuwa akichezea kaka yake sasa ni maegesho ya malori? Hilo la viwanja kumegwa kimoja kimoja linaniuma kuliko yote, kwa sababu jengo lililochakaa hukarabatiwa, lakini ardhi iliyogawanywa hairudi.

Kuhusu jimu za watu binafsi, ninafurahi kwamba zipo. Zinamhudumia mwenye mshahara wa mwezi. Bibi mwenye kisukari aliyeambiwa na daktari atembee na anyooshe viungo hatapanda ngazi tatu kwenda kwenye chumba chenye muziki mkubwa na vijana waliovua mashati. Anahitaji mahali pa kwake, mchana, penye mtu wa kumwelekeza.

Mhasibu wa Halmashauri (Mbarara)

Ndugu Mtunza, umegusa kazi yangu, nami nitaeleza kwa nini yule mlinzi hakuweza kununua balbu.

Fedha za umma haziruhusiwi kutumika pale pale zinapokusanywa. Anayekodi ukumbi hupewa namba ya malipo, ile tunayoiita PRN, akalipa benki au kwa simu, na fedha zikaingia katika akaunti inayosimamiwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015. Msimamizi wa kituo hazioni. Zikitakiwa kurudi kituoni, ni lazima ziwe zimepangwa katika bajeti iliyopitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na hata hivyo hutolewa kwa robo mwaka. Balbu ikiungua mwanzoni mwa Septemba na fungu halipo, giza linaendelea. Naitetea kanuni hiyo kwa dhati, kwa kuwa nimewahi kuona vitabu vya stakabadhi viwili katika ukumbi mmoja, kimoja cha mkaguzi na kingine cha mfukoni.

Njia ya kutoka ipo ndani ya sheria hizo hizo, ila inahitaji mtu aiombe mapema. Kituo kipewe fungu lake katika bajeti, lenye jina lake, lisichanganywe na “shughuli za jamii” kwa ujumla, kwa maana ndani ya fungu la jumla semina hushinda matengenezo kila mara. Msimamizi apewe fedha ndogo za dharura, azitolee hesabu kwa stakabadhi kila mwezi kabla ya kujaziwa tena. Kwa vitu vinavyojulikana kwamba vitahitajika, kama sabuni, balbu, rangi ya mistari na vitasa, manispaa iingie mkataba wa mwaka mzima na muuzaji mmoja aliyeshinda zabuni, ili bei iwe imekubaliwa na msimamizi awe anaagiza tu.

Kuna jambo la nne ambalo halmashauri nyingi hulikwepa, nalo ni uchakavu. Tuchukue mfano: mashine ya shilingi milioni 10 inayotarajiwa kudumu miaka 5 inapaswa kutengewa milioni 2 kila mwaka tangu siku inapoletwa. Nimesoma maombi mengi ya wafadhili wanaotaka kutuletea vifaa, na safu hiyo huwa tupu. Baraza lisilokuwa tayari kuijaza safu hiyo lingemshukuru mfadhili na kumwomba alete kitu kingine.

Afande Mstaafu (Arua)

Nawasalimu wote. Nilikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo jeshini, na tangu kustaafu nafundisha vijana wa mtaa wangu asubuhi kabla ya jua kupanda. Mhasibu amesema kweli juu ya uchakavu, nami naongeza kwamba uchakavu huanza siku ya ununuzi. Mashine yenye mota na kompyuta ndani yake, ikiwekwa mahali ambapo umeme unapanda na kushuka, huungua bodi mapema, na bodi hiyo haipatikani Arua. Hupatikana kwa kuagiza. Wakati wa kuisubiri, mashine inageuka kuwa kiti cha kuwekea mashati.

Jeshini tuliwajenga watu wenye nguvu kwa kamba, magogo, vyuma vya kujivutia juu, vizuizi vya kuruka na kilima. Mafundi wa Katwe, kule Kampala, wanaunganisha chuma kwa ustadi ambao wageni huushangaa, na mafundi wa aina hiyo wapo katika kila mji wetu. Fimbo ya chuma, sahani za uzito, benchi la kulalia na ngazi ya kuning'inia vinaweza kutengenezwa hapa hapa, vikapakwa rangi hapa hapa na vikichomoka weldi virudishwe hapa hapa. Chini yake pawekwe mpira mzito, kwa sababu chuma kikiangushwa juu ya saruji tupu, sakafu ile nzuri ya ndugu Mtunza haitamaliza mwaka.

Fedha zinazookolewa kwenye mashine zilipwe kwa mkufunzi. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa kuwa nimewaona vijana walioumia mgongo wakinyanyua uzito mkubwa bila mtu wa kuwasimamia, na mmoja wao leo hawezi kubeba gunia. Mkufunzi mzuri humtazama mtu anapoingia mlangoni, anamuuliza amelala vipi, ana ugonjwa gani, halafu ndipo anampa zoezi. Jioni anahesabu vifaa kwa daftari, kila sahani kwa uzito wake, na anayepokea zamu anatia sahihi. Jeshini daftari hilo lilitiwa sahihi hata siku ambazo hakuna kilichotumika, na katika kituo cha umma ningelianzisha kabla ya kitu kingine chochote.

Mama Kiwanja (Mbale)

Ndugu zangu, na wewe Afande, shikeni hapo hapo kwa mkufunzi, lakini mniambie ni mwanamke au mwanamume, na anakuwapo saa ngapi.

Mimi nafundisha netiboli kwa wasichana na akina mama. Timu yetu ya taifa, She Cranes, ilishika nafasi ya 5 katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 kule Cape Town, na wengi wa wachezaji wetu walianzia kwenye viwanja vya udongo vya shule. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Kinahitaji kusawazishwa, milingoti miwili, rangi na maji yasiyotuama. Hakuna mchezo unaowahudumia wanawake wengi kwa gharama ndogo kama huo, na bado ramani za vituo vinavyoletwa mbele yetu huanza na chumba cha vyuma na meza ya bilia.

Saa za kufungua ndizo huamua kituo ni cha nani. Mama anayeuza sokoni yuko kazini saa 11 jioni, wakati watu wa ofisi wanapoingia jimu. Nafasi yake ni katikati ya asubuhi, baada ya wateja wa kwanza, au baada ya chakula cha mchana. Dada zetu Waislamu huomba saa chache kwa juma ambazo ni za wanawake peke yao, pazia likiwa limefungwa na mkufunzi akiwa mwanamke. Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima husogea. Anayekuja na mtoto mgongoni anahitaji kona ya mtoto, na anayeondoka baada ya magharibi anahitaji taa ya nje inayowaka hadi barabarani. Mambo haya hayana gharama kubwa, ila yanahitaji kuandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, ili msimamizi mpya asije akayafuta kimya kimya.

Na malipo yafuate mapato ya watu. Anayepata fedha kila siku hawezi kulipia mwezi mzima mara moja, hata kama bei ya mwezi ni nafuu. Alipe kila anapokuja, kwa simu, kiasi kidogo.

Nina swali gumu kwa Mhasibu. Jumamosi ndiyo siku pekee wasichana wa shule na wafanyakazi wanapata nafasi pamoja, na ndiyo siku ukumbi wa manispaa hukodishwa kwa harusi na kwanjula, yaani sherehe za kutambulisha wachumba. Nimefika na mipira mara nyingi nikakuta mahema na viti vya plastiki. Mtaniambia harusi zinaleta fedha, nami najua zinaleta. Lakini ukumbi uliojengwa kwa ajili ya michezo ukawa wa harusi kila Jumamosi umeshabadilishwa kazi bila baraza kupiga kura.

Mhasibu wa Halmashauri (Mbarara)

Mama Kiwanja, swali lako ni la haki na nitalijibu moja kwa moja. Mapato ya harusi yanaweza kulipia sehemu ya uendeshaji, mradi tu baraza liweke kikomo kwa azimio: kwa mfano, Jumamosi mbili za mwezi kwa kukodisha na zilizobaki kwa michezo, na anayekodi alipe bei halisi ya soko. Tatizo ninaloliona ni kwamba kumbi nyingi hutolewa kwa bei ya urafiki kwa wenye vyeo, hivyo michezo inapoteza siku na manispaa inapoteza fedha. Kikomo kikiwepo na bei ikiwa ubaoni, pande zote mbili zitapona.

Fundi Bwawa (Entebbe)

Naona bwawa la kuogelea limetajwa mwanzoni kisha likasahauliwa. Mimi hufanya matengenezo ya mabwawa, mengi yakiwa ya hoteli na shule, na nataka watu wajue kabla ya kuomba.

Tuseme ni bwawa la mita 25 kwa 10, kina cha wastani mita 1.4. Hiyo ni lita 350,000. Maji yote yanapaswa kupita kwenye kichujio kila baada ya saa 6 hivi watu wanapoogelea. Pampu ya kilowati 4 ikifanya kazi saa 12 hutumia uniti 48 za umeme kwa siku, iwe ameingia mtu mmoja au mia. Kichujio cha mchanga huoshwa kwa kurudisha maji nyuma, na maji hayo ya kuoshea hutupwa na kununuliwa upya. Wenzetu wa Ulaya gharama yao kubwa ni kupasha maji joto. Sisi jua linatusaidia hapo, lakini jua hilo hilo linaila klorini, kiasi kwamba ukiitia asubuhi bila dawa ya kuilinda, adhuhuri sehemu kubwa imekwisha.

Kazi yangu ya kila siku ni hii. Nazamisha kichupa hadi kina cha kiwiko, mbali na pale dawa inapoingilia, natia kidonge cha kupimia, maji yanageuka waridi, nalinganisha na kadi. Nataka miligramu 1 hadi 3 za klorini huru kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. pH ikipanda juu ya hapo, klorini ipo lakini haiui vijidudu ipasavyo. Watu wengi hudhani harufu kali inamaanisha bwawa limetiwa dawa nyingi. Mara nyingi ni kinyume: klorini imeshashikana na jasho na mkojo, ndipo macho yanapowasha. Dawa ya kwanza ya bwawa ni bomba la kuogea kabla ya kuingia, lenye maji yanayotoka kweli. Na mtoto mwenye kuhara asiingie kabisa, kwa maana kuna vimelea vinavyohimili klorini kwa siku kadhaa.

Ongeza waokoaji. Ningependa wawili wawepo muda wote bwawa likiwa wazi, kwa sababu mmoja akiruka majini lazima mwingine abaki akiwatazama wengine.

Baada ya kusema hayo yote, bado natetea kuogelea kwa nguvu zangu zote. Tumezungukwa na Victoria, Kyoga, Albert, na mto Nile unapita katikati yetu, na watu wanavuka kwa mitumbwi bila kujua kuelea. Watoto wafundishwe. Ila manispaa isiyoweza kulipia pampu, dawa na waokoaji kwa mwaka mzima isijenge bwawa. Iingie makubaliano na shule au hoteli yenye bwawa, ilipie saa za asubuhi katikati ya juma ambazo bwawa huwa tupu, na iajiri walimu wa kuogelea. Bwawa la umma lililoachwa na maji ya kijani ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa.

Mwanasheria wa Mitaa (Jinja)

Mjadala huu umefika mahali pazuri, nami nitasema juu ya pendekezo ambalo halijaandikwa hapa lakini husikika katika kila baraza: “Tumpe mwekezaji.”

Tunayo Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Binafsi ya 2015, kwa hiyo njia ya kisheria ipo. Tunao pia mfano wa Nakivubo, uwanja wa ukumbusho wa vita ulioanza mwaka 1926, ukabomolewa mwaka 2017 ili ujengwe upya chini ya mwekezaji binafsi, pamoja na maduka kuuzunguka. Kila mmoja ana maoni yake juu ya Nakivubo, na sitayafungua hapa. Ninachotaka tukione ni kwamba mwekezaji anapojenga, hufuata mapato, na mapato yapo kwenye maduka. Hilo si kosa lake. Ni kazi ya mwenye mali, yaani umma, kuandika katika mkataba kile anachotaka kibaki.

Uingereza wamepitia njia hii kwa muda mrefu. Sheria ya 1846 iliziwezesha halmashauri kujenga nyumba za kuogea na kufulia kwa ajili ya maskini wa mijini, na mabwawa yao ya umma yana asili hapo. Sheria ya 1988 ilileta ushindani wa lazima wa zabuni katika huduma za halmashauri, na mwaka uliofuata uendeshaji wa vituo vya michezo ukaingizwa humo. Mwaka 1993, halmashauri ya Greenwich jijini London ilipokuwa na upungufu wa fedha, vituo vyake vilikabidhiwa chombo kisichogawana faida, GLL, ambacho leo kinaendesha zaidi ya vituo 200. Majengo yalibaki ya umma, uendeshaji ukawa wa chombo chenye bodi, na ziada ilirudi kwenye vituo. Hata hivyo, bei za nishati zilipopanda, serikali yao ililazimika kutoa zaidi ya pauni milioni 60 mwaka 2023 kuyaokoa mabwawa ya England. Wanaotuahidi kwamba kituo cha umma kitajilipia chenyewe chote wautazame mwaka huo.

Kwa hiyo ninashauri chombo kisichogawana faida, chenye bodi ambamo watumiaji wana viti, kipewe mkataba wa uendeshaji, si hati ya pango la ardhi. Tofauti ni kubwa: mwenye pango la miaka 49 ana haki juu ya ardhi inayoweza kuwekwa rehani, mwenye mkataba wa uendeshaji wa miaka 5 ana kazi anayoweza kunyang'anywa. Na mkataba utaje saa, bei na hali ya vifaa vitakavyorudishwa. Maneno “kwa manufaa ya jamii” yakiwa peke yake hayatamsaidia Mama Kiwanja siku atakapofungiwa lango. Ikiandikwa kwamba Jumanne na Alhamisi, saa 4 hadi saa 6 asubuhi, ukumbi ni wa wanawake kwa bei iliyo katika jedwali, atakuwa na kitu cha kumwonyesha karani wa mji.

Kijana wa Naguru (Kampala)

Nakubali hoja ya boda boda na ya bibi mwenye kisukari. Bado nina shaka na gharama. Manispaa ndogo, isiyo na ukumbi mzima wala bwawa, ianze na nini?

Mtunza Vituo (Kampala)

Ianze na watu na kiwanja kilichopo. Katika jiji la Recife, Brazil, mwaka 2002 walianzisha mpango ambao wakufunzi waliolipwa na serikali walifundisha mazoezi bure katika bustani na viwanja vya wazi, na mwaka 2011 wizara ya afya ya nchi hiyo ikaanzisha mpango wa taifa uliofuata mfano huo. Kigali, jirani zetu, walianza mwaka 2016 kufunga barabara Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na kutembea, na hapo madaktari huwapima watu shinikizo la damu na sukari. Sisi pia tangu 2018 tuna siku ya taifa ya mazoezi kila Julai. Siku moja kwa mwaka inaamsha watu, lakini bibi yetu anahitaji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Ningeanza na mkufunzi mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wenye barua za ajira za manispaa. Ningewapa kiwanja cha shule ya serikali kuanzia saa 10 jioni na siku za Jumamosi, kwa makubaliano ya maandishi na kamati ya shule, manispaa ikilipia taa, choo na mlinzi, ili shule nayo inufaike. Vifaa vingekuwa vya Afande, vya chuma cha mafundi wetu, vikiwa na daftari lake. Mwaka wa kwanza ungetuonyesha nani anakuja, saa ngapi, na nani haji. Hapo ndipo baraza lingekuwa na haki ya kuzungumzia jengo.

Kwa miji ambayo tayari ina ukumbi, Mhasibu amenipa jibu nililolitafuta. Anayeshika funguo apewe fungu lenye jina la kituo na fedha ndogo za dharura, na anayeshika fedha alazimike kwa azimio la baraza kufika kituoni kila robo mwaka na daftari mkononi kabla ya kuidhinisha fungu linalofuata. Mama Kiwanja, ratiba yako iwe kiambatisho cha azimio hilo, ili kuibadilisha kuhitaji kura.

Makongamano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, Oktoba na Novemba, na raia yeyote anaweza kuhudhuria la mji wake. Nitaandika rasimu ya azimio yenye fungu la kituo, kikomo cha kukodisha Jumamosi na ratiba, niibandike hapa hapa kwenye uzi. Mwanasheria, naomba uipitie sehemu ya mkataba wa uendeshaji. Fundi, niandikie orodha ya vipimo vya bwawa na gharama za mwezi, bila kuzipunguza, kwa ajili ya miji ambayo bado inasisitiza kuchimba.